Picha ya Bi Mkubwa na Safari ya Marrakesh

Huku kwetu Sakina, Arusha, asubuhi bado kuna baridi. Mlima Meru unajifunika ukungu mpaka jua likolee, na mimi mtoto wa Unguja, miaka kumi na mbili tangu niolewe huku, bado natembea na soksi ndani ya nyumba. Nisameheni kwa kimya cha miezi yote hii. Leo nitakwambieni kilichoninyamazisha, na kwa nini tarehe 6 Oktoba, inshaAllah, nyumba nzima tutakuwa tumekodolea macho simu kama watu wanaongoja mwezi wa Idi.

Siku hiyo, mjini Marrakesh, Moroko, unaanza mkutano wa kisayansi unaoitwa MICCAI. Utaendelea mpaka tarehe 10. Ni mkutano wa watu wanaofanya utafiti juu ya picha za hospitali: eksirei, ultrasaundi, vipimo vya sumaku, na namna kompyuta inavyoweza kumsaidia daktari kuzisoma au kumwongoza mkono wakati wa upasuaji. Ulianza mwaka 1998 huko Marekani, na huu wa 2024 ni wa 27. Mara zote hizo haukuwahi kufanyika Afrika. Hii ndiyo mara ya kwanza.

Najua unajiuliza, shoga yangu, mimi na mikutano ya kompyuta wapi na wapi? Mimi ninayekupeni hapa namna ya kupika mkate wa kumimina ukakubali hata kwenye baridi ya Meru! Basi kaa kitako nikuhadithie. Binti wa dada yangu anakwenda Marrakesh. Na mama yangu, yeye haendi popote, lakini ndiye aliyetufundisha sote maana ya safari hiyo.

Mgongo wa Bi Mkubwa

Mama alikuja kwetu baada ya Idi ndogo mwaka huu. Boti mpaka Dar, kisha basi kutwa nzima. Alifika na ndoo ya achari, kilo mbili za karafuu na kikapu cha embe, kama kwamba Arusha hakuna embe. Tulifurahi sana. Mwanangu mdogo hakuwa amemwona bibi yake kwa miaka miwili.

Siku ya tatu akaniita bafuni. "Njoo unisugue mgongo, mkono wangu haufiki." Nilimtia maji ya moto kwenye ndoo, nikaanza kumsugua. Alikuwa amejifunga khanga juu sana, karibu ya shingo, na akaishikilia kwa mkono. Nikamwambia aiachie kidogo nipate kusugua ubavuni. Akakataa. Mkono wake ulipoteleza, nikaona. Titi la kushoto ngozi imevutwa ndani, kama kitambaa kilichoshonwa kikabanwa na uzi.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema ni jipu tu, anapaka mafuta ya habasoda. Nikauliza tena. Akaangalia ukuta. "Kabla ya Ramadhani. Sikutaka kukuharibieni mwezi."

Wapenzi wangu, sikujua niseme nini. Mwanamke aliyenifundisha mimi kusema ukweli ameficha uvimbe kwa ajili ya futari zetu. Lakini nisijifanye mwema. Mimi mwenyewe nilipokuwa Unguja mwaka jana niliona anafua nguo zake za ndani peke yake, hataki kusaidiwa, na nikasema moyoni, mzee, ana haya zake. Sikuuliza. Haya ni katika imani, tumelelewa hivyo na tunashukuru. Lakini kuna haya, na kuna kimya tunachokivisha nguo za haya.

Chumba chenye giza

Hospitali tuliyokwenda sitaitaja, wala si muhimu. Tulipoitwa chumba cha ultrasaundi, mtaalamu aliyekaa kwenye mashine alikuwa mwanamme, kijana. Mama akasimama palepale mlangoni, akafunga buibui lake vizuri, akaniambia, "Twende zetu nyumbani."

Nilianza kumbembeleza. Nikamkumbusha Bi Rufaida, yule bibi wa Madina aliyewatibu majeruhi wa vita wakati wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na majeruhi hao walikuwa wanaume. Nikamwambia masheikh wetu wameshalisema hili: mwanamke akipatikana ni bora zaidi, na asipopatikana, dharura ina hukumu yake. Mama akanijibu, "Hukumu naijua. Miguu ndiyo haiendi."

Aliyetuokoa ni yule kijana. Hakukasirika wala hakusema kuna foleni. Aliinuka, akatoka, akarudi na muuguzi wa kike na shuka mbili. Akasema, "Mama, dada huyu atakaa hapa muda wote. Na binti yako pia. Nitafunua pale tu ninapopima." Na kweli akafanya hivyo. Taa zikazimwa, mafuta baridi yakapakwa, na kwenye kioo nikaona kitu kama mawingu ya masika.

Baadaye binti wa dada yangu alinieleza nilichokuwa nakiona. Ultrasaundi haina mionzi. Ni sauti, ya juu mno kwa masikio yetu, inaingia mwilini na kurudi kama mwangwi. Kila nyama inaurudisha mwangwi kivyake. Uvimbe wa maji huonekana mweusi mtupu na kingo zake laini, na mara nyingi si wa kuogopwa. Uvimbe mgumu huwa wa kijivu, na ukiwa na kingo zilizochongoka kama nyota iliyokatwa vibaya, daktari hutaka kujua zaidi. Wa Mama ulikuwa na kingo kama hizo. Lakini siku ile hakuna aliyetuambia. Aliyepiga picha si lazima awe ndiye anayeruhusiwa kutoa jibu. Jibu linaandikwa na daktari bingwa wa radiolojia.

Na hapo ndipo tulipokwama. Picha ilichukua dakika kumi. Jibu lilichukua siku 19.

Si kwamba mtu alikaa akanywa chai. Daktari bingwa alikuwa mmoja, anazunguka hospitali zaidi ya moja, na bahasha zimempangia foleni. Tanzania tulihesabiwa mwaka 2022 tukawa watu zaidi ya milioni 61, na mabingwa wa kusoma picha ni wachache mno kwa umati huo. Lakini fikirini siku 19 katika nyumba ambayo kila simu ikilia watu wanaacha kutafuna. Mama anaswali, anapika, anacheka na wajukuu. Usiku namsikia anavuta tasbihi mpaka alfajiri.

Jibu lilipokuja, lilisema achukuliwe kinyama kwa sindano. Kinyama kikasema saratani. Julai akafanyiwa upasuaji. Sasa yuko kwenye dawa, kila baada ya siku 21, na juzi amemaliza dozi ya tatu. Nywele zimeondoka. Anasema alhamdulillah, mtandio haujui kama chini yake kuna nywele au hakuna.

Kuchagua mchele

Sasa nije kwa binti wa dada yangu. Anakaa kwangu na anasoma shahada ya uzamili ya mambo ya kompyuta. Kila asubuhi anapanda gari kwenda upande wa Tengeru, iliko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Barabara ile pana ya njia nne inaanza hapa kwetu Sakina na kuishia Tengeru, kilomita 14 hivi, na mimi husema imejengwa kwa ajili yake.

Alikuwa akijishughulisha na picha za hospitali kabla Mama hajaugua. Sisi tulikuwa hatumwelewi. Tulijua tu kwamba anakaa na kompyuta mpaka saa nane za usiku na umeme unakwisha haraka. Ugonjwa wa bibi yake ndio uliotufanya tumuulize, mwanangu, hasa unafanya nini?

Ilikuwa jioni, Mama yuko jikoni na ungo, anachagua mchele. Binti akakaa chini karibu yake.

"Bibi, wewe ulinifundishaje kuchagua mchele?"

"Nilikuonesha mawe."

"Ulinionesha jiwe moja?"

"Moja! Uliuchagua mchele wa shughuli tatu ndipo macho yakafunguka."

"Basi na kompyuta ni hivyo hivyo."

Akaeleza. Kompyuta haijui titi wala ini. Kwake picha ni vidoti tu, vyeupe, vyeusi na vya kijivu. Unaipa picha maelfu, na kwenye kila picha daktari amechora kwa mkono wake: uvimbe ni huu, unaanzia hapa, unaishia hapa. Kompyuta inakisia, inasahihishwa, inakisia tena, mpaka inaanza kuona jiwe ndani ya mchele. Siku moja inaweza kumwambia daktari mwenye bahasha mia mbele yake: hii ya mama wa Unguja isingoje, isome kwanza. Jibu ni la daktari bado, lakini bahasha imepanda juu ya foleni.

Mama akauliza swali ambalo binti alisema ndilo linalowakusanya watu Marrakesh. "Na kama hiyo kompyuta imefundishwa kwa mchele wa kwao, ikiletewa wa kwetu?"

"Inaweza kukosea, Bibi. Jiwe ikasema punje, punje ikasema jiwe."

Kwa sababu picha nyingi zilizofundishia kompyuta hizi zimetoka Ulaya, Marekani na China. Mashine zao mpya, zetu nyingine ni za zamani. Kwao wanawake wengi hupimwa kabla ya kuhisi chochote, uvimbe ukiwa mdogo kama punje ya mtama. Kwetu wengi wanafika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa, kama alivyofika Mama. Nchini mwetu saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya shingo ya kizazi, na wengi wetu tunafika mwishoni. Kompyuta iliyozoea mwanzo wa ugonjwa haitaujua mwisho wake.

Hata hivyo, akatuambia, mambo yanaanza kubadilika. Kuna shindano linaloitwa BraTS, la kufundisha kompyuta kusoma uvimbe wa ubongo. Mwaka 2023 kwa mara ya kwanza likawa na sehemu maalumu ya picha za Afrika. Na Mbarara, kwa majirani zetu Uganda, watafiti walikusanya vipande vya sumaku na kuunda papo hapo kipimo kidogo cha kupiga picha ya kichwa, kwa kuwafikiria watoto wenye maji kichwani. Picha ya kwanza ilitoka siku 11 hivi tangu vifaa vifike. Siku 11! Mimi nilingojea karatasi siku 19.

Mama akafagia makapi ya mchele kwa kiganja. "Basi wapeni wa kwetu," akasema. Hakujua kwamba wiki mbili baadaye wataomba wa kwake.

Fomu

Kundi moja la watafiti lilikuwa linakusanya picha za matiti kutoka kwa wagonjwa, kwa ajili ya kufundishia hizo programu. Si kwa mkutano wa mwaka huu, ni kwa kazi ya miaka inayokuja. Binti wa dada yangu analijua kundi hilo. Alipojua kwamba bibi yake yumo kwenye orodha ya watakaoombwa, alimwendea msimamizi wake akamwambia, mimi nisihusishwe. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mama mdogo, bibi hawezi kumnyima mjukuu wake kitu. Hiyo haitakuwa ridhaa, itakuwa mapenzi."

Nililiweka neno hilo moyoni. Ni mara ngapi tunawaomba wazee wetu vitu kwa njia ambayo hawawezi kukataa?

Akaja muuguzi, mtu mzima, mwenye adabu. Tukamkaribisha chai ya tangawizi na sambusa. Akasoma fomu taratibu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

Si kwa ukali. Alisema tu, "Mwanangu, kifua changu amekiona marehemu mume wangu, na daktari kwa dharura. Sasa nikitie kwenye kompyuta, kikaonwe na wanaume wa Marrakesh?"

Binti alikuwa chumbani, nilimsikia anacheka na kulia pamoja.

Muuguzi akatoa karatasi akamwonesha mfano wa picha. Hakuna ngozi, hakuna sura, hakuna jina. Ni mawingu ya kijivu yale yale niliyoyaona kwenye kioo. Jina huondolewa, inawekwa namba. Mama akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama sana. "Huyu ni nani?" akauliza. Muuguzi akasema hata yeye hajui. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ana stara."

Hapo akauliza maswali matatu, na mimi nayaandika hapa kwa sababu natamani kila mmoja wenu ayahifadhi.

La kwanza: nikikataa, dawa zangu zitakatwa? Muuguzi akasema hapana, matibabu hayahusiani kabisa, na akaonesha mstari unaosema hivyo.

La pili: nikibadili mawazo? Akasema unaweza kujitoa, ila picha ikishachanganywa na nyingine na kompyuta ikishajifunza, haiwezekani tena kuichomoa. Nilipenda kwamba hakudanganya. Akasema pia kwamba utafiti kama huu lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili, na kwamba nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi.

La tatu: "Mkishajifunza, mtarudi kuniambia?"

Muuguzi akafungua fomu. Akapindua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi wa kwanza. Halikuwemo. Ilikuwepo simu ya kupiga ukiwa na malalamiko. Ilikuwepo sehemu ya dole gumba. Kurudi hakukuwemo.

Mama akasema, "Niachie karatasi. Nitafikiri."

Utulivu

Mtaa wetu unaitwa Sakina, na kila ninapoliandika jina hili kwenye anwani nalikumbuka lile neno la Kiarabu lililomo ndani ya Qur'ani, utulivu ambao Mola huushusha kwenye nyoyo za waumini. Sijui kama kuna mtaa mwingine wenye kelele kama huu, na malori ya Namanga, na makonda wa daladala wanaoita "Kwa Iddi, Kwa Iddi!" tangu alfajiri. Lakini siku zile nilimwona Mama na utulivu wake, nikajua utulivu si ukimya wa nje.

Hakuharakishwa na mtu. Aliswali istikhara. Alimpigia simu dada yake Pemba. Alimuuliza ustadhi wa msikiti wetu, akamjibu kwamba mwili ni amana, na elimu yenye manufaa ni katika sadaka inayobaki baada ya mtu kufa, nawe ndiye utakayeutazama moyo wako. Aliniuliza hata mimi, na mimi nilinyamaza, kwa mara ya kwanza kwa sababu nzuri.

Usiku wa Maulidi alitaka kwenda kusikiliza kasida ijapokuwa dawa zilikuwa zimemchosha. Tukampeleka, tukamweka kwenye kiti, wanawake wote wamekaa chini mkekani. Tukiwa njiani kurudi akasema, bila kuulizwa, "Nimekaa siku 19 sijui kama nitakufa. Na nimekaa miezi kabla ya hapo, hizo nilijikalisha mwenyewe. Zile zangu siwezi kumpunguzia mtu. Hizo 19, kama kuna atakayezipunguziwa, mpeni picha."

Asubuhi yake akaomba kalamu. Mama hakusoma skuli ya serikali, alisoma chuoni. Anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake. Alitia saini. Kisha pembeni mwa ukurasa, juu kidogo ya saini, akaandika mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto.

Muuguzi alipokuja kuchukua fomu aliutazama ule mstari, akauliza ni dua? Nikamsomea. Ulisema: Nimekubali, kwa sharti murudi mniambie.

Akanyamaza kidogo. Akasema atauliza kama sharti linaweza kuandikwa pembeni. Mpaka leo hatujapata jibu. Siwalaumu, huenda hawajawahi kuombwa. Binti wa dada yangu anasema swali hilo hata huko anakokwenda litafaa liulizwe, tena kwa sauti. Ameliandika kwenye daftari lake la safari, ukurasa wa kwanza.

Anakokwenda

Mwaka 1325 kijana mmoja alitoka Tangier, Moroko, akaenda kuhiji, na asirudi kwao kwa miaka mingi. Ni Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika pwani yetu, Mombasa na Kilwa, akaeleza aliyoyaona, watu wacha Mungu na misikiti ya mbao. Ndio maana mimi ninapomwona binti yetu anakunja mabuibui yake ndani ya sanduku namwambia, wao walikuja kututazama, sasa na wewe nenda ukawatazame. Kisha uandike!

Anakwenda kwenye nchi ambayo, kama historia inavyopokewa, mwanamke aitwaye Fatima al-Fihri alitoa urithi wake mwaka 859 kujenga msikiti wa al-Qarawiyyin mjini Fez, ukaja kuwa chuo kikuu. Anakwenda kwenye mji ambao mwaka mmoja tu uliopita, Septemba 2023, ulitikiswa na tetemeko lililoua watu karibu 3,000 milimani na vijijini jirani, na leo unapokea wageni. Na amenifurahisha aliponiambia kwamba ndani ya mkutano huo kuna jumuiya ya wanawake watafiti, wanashikana mikono, wakubwa wanawaonesha njia wadogo. Nimemwambia awatafute siku ya kwanza kabla hata hajatafuta chakula.

Anaogopa. Hajawahi kupanda ndege. Anaogopa Kiingereza chake, anaogopa kuvaa hijabu yake kwenye ukumbi wa maprofesa, na nikamcheka, mwanangu, Marrakesh! Hijabu si wewe utakayewaletea.

Bibi yake amempa zawadi mbili. Mkebe wa kashata, na picha. Ndiyo, ile picha ya ultrasaundi, nakala yetu wenyewe iliyokuwa kwenye bahasha. Si ya kuonesha mtu. "Iweke kwenye msahafu wako," akamwambia. "Ukisikia wanasema data, data, uifungue uangalie. Hiyo data ina mtu anangoja simu."

Kabla sijakuageni

Wapenzi wangu, mkutano ukianza Oktoba utakuwa pia mwezi wa kukumbushana saratani ya matiti duniani kote. Mtaona riboni za waridi. Mimi nakuombeni mambo manne, yaliyo karibu zaidi kuliko riboni.

Muulize mama yako. Si kwa simu, na si mbele ya watu. Msugue mgongo.

Ukienda kupimwa, una haki ya kuomba mwanamke awepo chumbani na shuka ya kujifunika. Omba kwa adabu. Mara nyingi utapewa.

Picha ikishapigwa, uliza: nani ataisoma, na jibu ni lini? Siku hiyo ikipita, rudi. Mimi sikurudi mapema, niliona haya kuonekana msumbufu, na najuta.

Na ukiombwa picha yako kwa ajili ya utafiti, usikubali kwa aibu wala usikatae kwa woga. Uliza yale matatu ya Bi Mkubwa. Ukikubali, nuia sadaka.

Mwaka 1895 huko Ujerumani, mwanafizikia Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei, mkono wa kwanza alioupiga picha ulikuwa wa mke wake. Unaonekana mpaka leo, mifupa, na pete ya ndoa inaelea kidoleni. Kila mtu anamjua Röntgen. Mke wake aliitwa Anna Bertha. Nimeona leo tumtaje na yeye, maana alikaa akautuliza mkono wake mezani ili wengine waone.

Mumtilie dua binti yetu, afike salama na arudi na elimu yenye manufaa. Mumtilie dua Bi Mkubwa, amebakisha dozi tatu. Sasa hivi ameniita jikoni, anasema mchele wa leo una mawe, macho yangu mimi hayaoni.

Nawapenda kwa ajili ya Allah. Wassalaam.